Caro-Kann: Hatua moja ya askari iliyomwingiza Kasparov box mbele ya kompyuta, na venye wewe utaikwepa

Kama unacheza chesi kwa simu ukiwa kwa mat, Caro-Kann unaijua hata kama jina hulijui. Msee anafungua na e4, wewe unajibu c6, halafu unasukuma d5 na unajiskia msomi. Ni ufunguzi mgumu kuvunja na unaeleweka haraka, na YouTube imejaa video za kukufunza hatua kumi za kwanza kwa dakika tano.

Sasa skiza. Mwaka wa 1997, msee namba moja duniani alicheza ufunguzi huu huu, akasukuma askari mmoja mdogo hatua moja mapema, na kwa kama saa moja hivi alikuwa ameinuka kwa meza akiwa amechapwa. Aliyemchapa alikuwa mashine. Hii ni stori ya hiyo gemu, ya huo ufunguzi, na ya hatua inaitwa h6. Ukimaliza kusoma utajua ni lini h6 inakuokoa na ni lini inakuzika.

Kwa ufupi

- Wachezaji: Deep Blue ya IBM (nyeupe) na Garry Kasparov (nyeusi)
- Siku: 11 Mei 1997
- Mahali: New York, Marekani
- Gemu: ya 6, ya mwisho kwenye marudiano
- Ufunguzi: Caro-Kann, laini ya 4...Nd7
- Matokeo: nyeupe inashinda kwa hatua 19
- Jumla ya mechi: Deep Blue 3.5, Kasparov 2.5

Kabla tuingie ndani, lugha kwanza

Chesi, au sataranji venye wazee wa Pwani wanaiita, ina vipande sita. Hapa tutaviita mfalme, malkia, ngome (ile inaenda moja kwa moja), askofu (anayekata mshazari), farasi (anayeruka) na askari (wale wadogo wanane wa mbele).

Kwa simu yako hatua zinaandikwa kwa herufi: K ni mfalme, Q malkia, R ngome, B askofu, N farasi. Ukiona hakuna herufi kubwa, huyo ni askari. Kwa hivyo Nf6 ni farasi kwenda f6, na h6 ni askari wa pembeni kusogea mpaka h6. Alama ya x ni kula, + ni kumpiga mfalme cheki, na O-O ni ile hatua ya kumficha mfalme kwa kona nyuma ya ngome. Nukta tatu kabla ya hatua zinamaanisha ni nyeusi anacheza.

Fungua ubao kwa simu uwe unasogeza tukienda. Bila ubao utapotea.

Caro-Kann ni nini haswa?

Jina limetoka kwa wasee wawili, Horatio Caro na Marcus Kann, walioandika uchambuzi wa huu ufunguzi mwaka wa 1886. Wazo lao ni rahisi. Nyeupe akicheza 1.e4, amejichukulia katikati ya ubao. Wewe unataka kumpinga na d5, lakini unataka askari wako wa d5 awe na mtu wa kumshika mgongo. Ndio maana unaanza na 1...c6, halafu 2.d4 d5.

Kuna njia nyingine ya kushika d5, ile ya kuanza na e6. Shida yake ni askofu wako wa c8, anafungiwa nyuma ya ukuta wake mwenyewe. Kwa Caro-Kann huyo askofu bado ana mlango. Hiyo ndio sababu wachezaji wa kujilinda, wale hawapendi fujo, wameipenda miaka yote. Capablanca aliicheza, Botvinnik pia, na Anatoly Karpov aliifanya kama nyumba yake.

Laini ya leo inaenda hivi: 1.e4 c6 2.d4 d5 3.Nc3 dxe4 4.Nxe4 Nd7.

Hiyo 4...Nd7 inaonekana ya upole. Kazi yake ni kuandaa farasi wa pili aje f6. Nyeupe akimla huyo wa f6, yule wa d7 anaruka kuchukua nafasi yake, na ukuta wako wa askari hauvunjiki. Bei ni kwamba kwa muda mfupi umejibana. Farasi wa d7 amemziba askofu wa c8 na malkia, na mfalme wako hana pa kupumulia. Shikilia hiyo maneno, kwa sababu balaa yote ya hii stori inatoka hapo.

Mechi ilikuwa ya nini?

Kasparov alichukua ubingwa wa dunia mwaka wa 1985 akiwa na miaka 22, kwa kumtoa Karpov. Kufikia 1997 alikuwa na 34 na hakuna binadamu alikuwa amemshinda kwenye mechi kubwa ya hivyo.

Mwaka wa 1996, kule Philadelphia, alikutana na Deep Blue mara ya kwanza. Mashine ilimshtua kwa gemu ya kwanza, lakini yeye akaimaliza mechi 4 kwa 2. IBM wakarudi maabara. Mwaka uliofuata walikuja na mashine yenye nguvu zaidi, makabati mawili makubwa yanayoweza kupitia takriban nafasi milioni 200 kila sekunde. Na walikuwa na mabingwa wa chesi kwa timu, wakiwemo Joel Benjamin wa Marekani na Miguel Illescas wa Uhispania.

Doh nayo haikuwa ya mchezo. Mshindi alikuwa anabeba dola 700,000, aliyeshindwa dola 400,000.

Gemu ya 1 Kasparov akashinda. Gemu ya 2 mashine ikashinda, na ilicheza kwa utulivu wa kibinadamu mpaka Kasparov akaanza kushuku kuna mtu nyuma ya pazia anaisaidia. IBM wakakana. Gemu ya 3, 4 na 5 zikaisha sare. Kwa hivyo wakiingia gemu ya 6 kila mtu alikuwa na 2.5. Nusu pointi tu ndio ilikuwa inatenganisha binadamu na aibu ya historia, na Kasparov alikuwa na nyeusi.

Gemu yenyewe, hatua kwa hatua

1.e4 c6 2.d4 d5 3.Nc3 dxe4 4.Nxe4 Nd7 5.Ng5

Farasi wa nyeupe anaruka mbele kabla hata hajafukuzwa. Anaangalia f7 na e6, mahali penye mfalme mweusi ana ulinzi hafifu.

5...Ngf6 6.Bd3 e6 7.N1f3

Mpaka hapa kila kitu ni cha kitabu. Farasi wa pili wa nyeupe ametoka, askofu wa d3 anaangalia upande wa mfalme, na nyeusi amejenga ukuta wake mdogo. Sasa ni zamu ya Kasparov. Kitabu kinasema 7...Bd6, mtoe askofu kwanza.

7...h6

Anamfukuza farasi wa g5. Kwa macho tu ni hatua ya akili ya kawaida: una mgeni kwa mlango, unamwambia asonge. Lakini mashine haikurudi nyuma.

8.Nxe6!

Farasi anajitoa kafara katikati ya ukuta. Anakula askari wa e6 na kumpiga malkia mweusi kwa wakati mmoja. Ukimla papo hapo, 8...fxe6, askofu anakuja 9.Bg6+ na mfalme anasukumwa e7, akiwaziba malkia wake na askofu wake. Wachambuzi wengi wanasema hata hivyo hiyo ndio ilikuwa njia ya kupigana zaidi. Kasparov akachagua nyingine.

8...Qe7 9.O-O fxe6 10.Bg6+ Kd8

Malkia alikuja e7 kumbana huyo farasi, kwa sababu nyuma yake kulikuwa na mfalme mweupe kwa e1. Nyeupe akamficha mfalme wake kwa kona, na mbano ukaisha. Kasparov akala farasi, akapigwa cheki, na mfalme alikuwa na mahali pamoja tu pa kwenda: d8.

Angalia ubao hapo. Nyeusi ana kipande cha ziada, kwa askari mmoja. Lakini mfalme amekwama katikati na hawezi kujificha tena. Malkia wa e7 amemziba askofu wa f8. Mfalme na farasi wa d7 wamewabana wenzao. Ni kama jam ya roundabout yenye kila gari imeingia na hakuna ya kutoka.

11.Bf4 b5 12.a4 Bb7 13.Re1 Nd5 14.Bg3 Kc8 15.axb5 cxb5 16.Qd3 Bc6

Deep Blue haikimbii. Inaleta kipande kimoja kimoja: askofu, ngome ya e1, malkia. Kila kimoja kinakaa penye kinaangalia mfalme au askari wa e6. Kasparov alijaribu kupanua upande wa malkia na b5, lakini hapo ndipo mfalme wake alikuwa anakimbilia. Alikuwa anabomoa nyumba yenye anataka kulala.

17.Bf5 exf5 18.Rxe7 Bxe7 19.c4

Askofu anajitupa f5. Ukimla, njia ya e inafunguka na ngome inamla malkia. Halafu c4 inapiga farasi wa d5 na askari wa b5 kwa mara moja, na inafungua barabara ya kwenda kwa mfalme.

Kasparov akakubali kushindwa hapo hapo.

Ukihesabu vipande kwa ile hesabu ya kawaida, malkia 9, ngome 5, askofu na farasi 3, askari 1, Kasparov hakuwa nyuma. Ana 27, nyeupe ana 26. Lakini vipande vyake havishikani na mfalme wake yuko uchi. Kwa chesi pointi zisizofanya kazi ni kama chapaa kwa simu yenye imezima. Ziko, lakini hazikusaidii.

Kwa nini msee kama Kasparov alicheza h6?

Kuna maelezo mawili yamezunguka tangu siku hiyo.

La kwanza ni kwamba alichanganya mpangilio. Caro-Kann alikuwa ameicheza akiwa kijana, lakini miaka mingi silaha yake na nyeusi ilikuwa Sicilian. Alijua Bd6 na h6 zote ziko kwa hiyo laini, akaanza na ile ya pili.

La pili ni kwamba alijua vizuri sana, na alikuwa anabahatisha. Kompyuta za wakati huo zilipenda sana vipande vyao. Kutupa farasi bila kuona faida ya karibu haikuwa tabia yao. Kwa hivyo akaona mashine haitathubutu, itarudisha farasi, na yeye atakuwa ametoka kwa ufunguzi salama.

Kama ni hilo la pili, basi kuna jambo hakulijua. Mashine ya chesi ina ubongo wa kuhesabu, lakini pia ina kitabu cha ufunguzi chenye watu wanaijazia. Ikiwa ndani ya kitabu haihesabu, inasoma tu. Miaka mingi baadaye Illescas alieleza kwamba hiyo hatua ya farasi kula e6 waliiweka kwa kitabu cha Deep Blue asubuhi ya siku hiyo hiyo. Haikuwa siri mpya pia, wachezaji wa binadamu walikuwa wanaijua kafara hiyo.

Fikiria hiyo kitu polepole. Kasparov aliangalia makabati mawili na kudhani anacheza na hesabu tupu. Kwa hatua ya 8 alikuwa anacheza na kumbukumbu ya watu. Halafu hesabu ikaja kumalizia kazi.

h6 tatu, maisha matatu

Hapa ndipo faida yako iko. Kwa laini hii moja, hatua ile ile ya h6 ina majibu matatu tofauti, ikitegemea umeicheza lini.

*h6 kwa hatua ya 5.* Nyeupe amecheza 5.Ng5 na wewe unamfukuza mara moja: 5...h6. Anajibu 6.Ne6! Malkia wako anapigwa. Ukimla kwa hasira, 6...fxe6, inakuja 7.Qh5+ g6 8.Qxg6, chekimeti. Gemu imeisha hatua ya 8 na bado hujamaliza soda.

*h6 kwa hatua ya 7.* Hiyo ya Kasparov. Huuawi papo hapo, lakini mfalme anakwama katikati na unateseka polepole.

*h6 kwa hatua ya 8.* Unacheza 7...Bd6 kwanza. Nyeupe anaendelea 8.Qe2, ndipo sasa unacheza 8...h6. Askofu wako wa f8 ashatoka, kwa hivyo hata mfalme akisukumwa e7 hamfungii askofu njia. Nyeupe kawaida anarudisha farasi, 9.Ne4, mnabadilishana farasi, na maisha yanaendelea. Salama.

Askari ni yule yule, anaenda mahali pale pale, na farasi wa kufukuzwa ni mmoja. Kinachobadilika ni kile kimefanyika kabla. Ni kama kupika ugali. Unga ni huo, maji ni hayo, lakini ukimwaga unga kabla maji yachemke, hicho utakula hakina jina.

Mtego mwingine wa kuweka kwa mfuko

Ukicheza 4...Nd7, kuna watu watakujia na 5.Qe2. Inaonekana ni hatua ya mtu hajui chesi, malkia amemziba askofu wake mwenyewe. Usicheke.

Ukicheza 5...Ngf6 kama kawaida, unakula 6.Nd6, chekimeti. Huwezi kumla huyo farasi na askari wa e7 kwa sababu amebanwa na malkia wa e2, nyuma yake ni mfalme wako. Na mfalme hana pa kukimbilia, amezungukwa na watu wake mwenyewe.

Dawa ni 5...e6. Askari wa e7 akishasogea, askofu wa f8 anaona d6 na mtego umekufa.

Umeona? Ngf6 dhidi ya 5.Ng5 ni hatua sahihi kabisa. Ngf6 dhidi ya 5.Qe2 ni kaburi.

Baada ya hapo ilikuaje?

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kompyuta kumshinda bingwa wa dunia kwenye mechi yenye muda wa kawaida wa mashindano. Kasparov alitaka marudiano mengine na alitaka kuona rekodi za ndani za mashine. Rekodi zilikuja kuchapishwa baadaye. Marudiano hayakufanyika, na Deep Blue ikastaafishwa. Leo iko kwa majumba ya makumbusho Marekani.

Nayo programu ya bure yenye uko nayo kwa simu sasa hivi ingeichapa Deep Blue bila kutoka jasho. Na Caro-Kann? Haikufa. Inachezwa mpaka leo na mabingwa, na laini ya 4...Nd7 bado iko kwa vitabu. Ufunguzi haukuwa na makosa.

Sasa wewe ufanye nini?

Usiache kusoma ufunguzi, na usiache kuangalia zile video. Lakini kila ukijifunza hatua, jiulize maswali mawili kabla uende kwa ile inafuata. Hii hatua inafanya kazi gani? Na nikiicheza hatua moja mapema, ni nini kinavunjika?

Kwa Caro-Kann anza na haya matatu:

1. Kabla ya h6, angalia askofu wa f8. Kama bado yuko ndani, subiri.
2. Kabla ya Ngf6, angalia malkia wa nyeupe. Kama yuko e2, cheza e6 kwanza.
3. Usiweke mpango wako kwa dhana kwamba mwenzako ataogopa. Weka kama ambaye amesoma usiku kucha, kwa sababu siku moja atakuwa amesoma asubuhi hiyo hiyo.

Hiyo ya tatu ndio ilimgharimu Kasparov mechi. Kwa base yenu itakugharimu tu kelele za mabeste, lakini nazo zinauma.